Tulichagua Chumba cha Upasuaji, Tukasahau Kitanda



Mara hii hatukumpa mtu mmoja kalamu. Tumeandika kikundi kizima, wavulana na wasichana, juu jambo lenyewe lilitukuta wote na kosa lilikuwa la wote. Mama ambaye habari yake imo humu amesomewa kila mstari. Alifuta sehemu mbili, akacheka sehemu moja, halafu akasema: "Sasa pelekeni, batu basome." Jina lake hatuliandiki. Tutamwita Yaya, maana kwetu ni dada mkubwa wa kila mtu.

Tunachotaka kusema ni hiki. Mama akiambiwa atazaa kwa kupasuliwa, familia zetu zinagombana juu ya wapi atapasuliwa. Hakuna anayeuliza wapi atalala, atalala siku ngapi, atakula nini, na nani atakaa kando ya kitanda chake. Sisi tunaona hilo swali la pili ndilo linaloua au kuponya. Kisu ni saa moja. Kulala ni siku nyingi.

Tuanze na Yaya.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa upande wa pili wa ziwa, kabla ya vita kutufukuza. Uchungu ulimshika siku mbili, mwishowe akapasuliwa usiku. Mwisho wa mwaka 2017 tulipokimbia maeneo ya Pweto, kila mtu alibeba alichoweza: sufuria, mtoto, godoro. Nani angekumbuka karatasi ya maternite? Tukapita Kenani, na mwaka 2018 Mantapala ilipofunguliwa tukahamishiwa huko. Yaya akaja na kovu lake tumboni, bila karatasi.

Alipopata mimba tena, nesi wa kliniki aliona lile kovu akamuuliza: "Walikupasua namna gani?" Yaya akaonyesha ngozi. Nesi akamwambia kitu ambacho sisi wote hatukujua: kovu la ngozi halisemi kovu la ndani. Ngozi inaweza kukatwa kwa kulala, na mfuko wa uzazi ukakatwa kwa kusimama. Na mfuko uliokatwa kwa kusimama, kwa juu, unaweza kupasuka vibaya mama akishikwa uchungu tena. Karatasi peke yake ndiyo ingesema, na karatasi ilibaki Congo. Zaidi ya hapo, mtoto alikuwa amekaa matako chini. Daktari akaamua: sezarieni ya kupangwa, karibu na wiki ya 39, kabla uchungu haujaanza.

Hapo ndipo baraza la familia lilipoanza.

Mama mkwe alisema: "Tuvuke. Kule tunajua batu, tunajua luga, hata kama ni kubaya ni kwetu." Mjomba aliyeko Lusaka akapiga simu: "Mleteni huku, huku kuna madaktari wakubwa." Mume wake, ambaye ni mtu mpole na aliogopa gharama, akasema kidogo kidogo: "Tungoje hapa kliniki. Pengine mtoto atageuka, azae mwenyewe."

Tuwe wakweli, hakuna hata mmoja aliyesema ujinga mtupu. Kila mmoja alisema woga wake. Lakini woga haupangi safari vizuri.

Kuvuka ziwa na tumbo la miezi tisa ni hatari mara tatu. Mweru si mto. Upepo ukiamka mchana, wavuvi wenyewe wanaogopa. Ukishafika, huna barua ya daktari wa kule, na damu yako haijapimwa kule. Na mkimbizi anayerudi nchi aliyoikimbia, hata kwa kuzaa tu, anaweza kuulizwa maswali ya hadhi yake siku anaporudi. Tumeona watu wakihangaika na karatasi kwa safari ndogo kuliko hiyo.

Lusaka? Toka Kashikishi mpaka Lusaka ni karibu kilomita 1,000 kwa barabara. Kuna hospitali kubwa ya akina mama na watoto wachanga pale UTH, ndiyo. Lakini mkimbizi anahitaji karatasi ya ruhusa kutoka kambini, anahitaji nauli ya kwenda na kurudi ya watu wawili, na arudi na kidonda kibichi akiwa amekaa kwenye basi siku nzima na zaidi. Lusaka ni ya mtu ambaye daktari wa hapa amesema: huyu ugonjwa wake unatushinda. Kama daktari hajasema hivyo, umbali si dawa.

Na kungoja kliniki? Kliniki za kambini zinafanya kazi kubwa sana, tunazishukuru. Zinapima mimba, zinazalisha, zinatoa dawa za malaria. Hazina chumba cha upasuaji. Mwenye kovu asilolijua akishikwa uchungu usiku wa mvua, barabara ya udongo imekuwa tope, gari liko mbali, hapo "pengine atazaa mwenyewe" linakuwa neno la msiba.

Mwishowe Yaya mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alisema: "Nitaenda penye daktari anayenijua na penye naweza kufika." Walichagua hospitali yenye upasuaji iliyo karibu. Jina la hospitali hatuliandiki, juu makosa tutakayosimulia yalikuwa yetu, si yake. Siku ikapangwa. Yaya akachomwa sindano ya mgongo, alikuwa macho, akasikia mtoto akilia kabla hajamwona. Msichana. Kilo tatu na kidogo. Kikundi kizima tuliimba siku ile.

Tukadhani kazi imeisha.

Ilikuwa Januari. Wenyeji wa ufuo huu mnajua maana ya Januari: uvuvi umefungwa toka 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaana. Ni sheria nzuri, lakini mfuko wa mtu anayeishi kwa chisense unakuwa mtupu. Mume wa Yaya hakuwa na kazi. Aliyekwenda kumlinda hospitali, yule wapishi na wafuaji wetu ambaye kule tulimwita gadimaladi na hapa wanamwita bedisaida, alikuwa wifi yake mwenye watoto watatu nyumbani. Siku ya pili alirudi kuwaona watoto. Siku ya tatu hakuweza kurejea, mvua ilikata njia. Unga uliobebwa ulikuwa wa siku mbili.

Yaya akabaki peke yake na mtoto na kidonda. Aliamka mwenyewe kuchota maji. Jirani wa kitanda cha pili, mama Mbemba wasiyesikilizana hata neno, alimgawia bukari yake. Yaya alitusimulia hilo akilia kuliko alivyolia kwa kidonda. Usiku wa siku ya tatu mwili ukawa wa moto. Asubuhi alipoulizwa kama anajisikia vizuri, alitikisa kichwa kusema ndiyo, juu alijua akisema hapana atabaki, na akibaki atakula nini? Akaruhusiwa. Akapanda nyuma ya pikipiki, akarudi kwenye tope.

Nyumbani mama mkwe, kwa upendo kabisa, akafanya aliyofanyiwa yeye: kitambaa kwenye maji ya moto, kukanda tumbo, kulifunga kwa kitenge kwa nguvu. Kwa mama aliyezaa kawaida watu wamefanya hivyo miaka na miaka. Kwa tumbo lenye nyuzi, ni kupeleka joto, maji na uchafu ndani ya kidonda. Siku ya tisa kidonda kilifunguka, kikanuka. Usiku ule ndio sisi vijana tulioitwa. Tulisukuma kinga, mtu wa mbele na taa ya simu, mwingine akimbeba mtoto, mpaka tulipopata gari.

Yaya alipona. Alikaa hospitali zaidi ya wiki mbili kwa jambo ambalo siku tatu nne za chakula na mlinzi zingelizuia. Kila mmoja wetu ana simu. Kila mmoja wetu alituma picha ya mtoto siku ile ya kuzaliwa. Hakuna aliyetuma unga.

Ndiyo maana tunasema: tulichagua chumba cha upasuaji, tukasahau kitanda.

Sasa tutoe maoni yetu, na mtukosoe kama tumekosea.

Kwanza, kuchagua hospitali kuanze mapema, kuanzia siku kliniki inaposema mimba hii haitaki uchungu wa kawaida. Kwa sisi wa Nchelenge, chaguo la karibu ni hospitali ya misheni ya St. Paul's hapa Kashikishi, ambayo ndiyo kliniki za wilaya zinapelekea wagonjwa wao. Juu yake kuna Mansa General, hospitali kuu ya mkoa, zaidi ya kilomita 200 kwa lami. Juu kabisa kuna Lusaka. Ngazi hii ina akili yake: unapanda kwa barua. Ukiruka kliniki bila barua ya rufaa unaweza kulipishwa, na mbaya zaidi, unafika kama mgeni ambaye historia yake haijulikani. Barua ni sauti yako pale ambapo Kibemba chako kinaishia.

Pili, ulizeni maswali kabla ya siku. Si ukorofi, ni haki. Sisi tungeuliza haya.

Kuna mtu wa kuchoma dawa ya usingizi usiku na Jumapili, au mchana tu? Juu sezarieni ya kupangwa inaweza kugeuka ya haraka, uchungu ukiwahi kuja.

Kuna damu? Hili kwetu ni kubwa kuliko kwingine. Nchelenge ni moja ya wilaya za Zambia zenye malaria kali kabisa, na malaria inakula damu ya mama mjamzito taratibu bila yeye kujua. Mama anayeingia kwenye upasuaji akiwa na damu kidogo hana akiba ya kupoteza. Kwa hiyo apimwe damu mapema, ameze vidonge vya chuma bila kuviuza wala kuvificha, alale ndani ya chandarua, na ameze Fansidar kila anapopewa kliniki. Mwenye kutumia dawa za kila siku za VVU aseme, maana dawa zingine hazichanganywi na Fansidar. Na ndugu wawili watatu wawe tayari kuchangia damu kabla, si kukimbizana usiku wakitafuta nani ni grupu O.

Kuna mahali pa kungojea? Mtu wa mbali asingoje siku ya mwisho. Hospitali na kliniki nyingi za Zambia zina nyumba ya kusubiria kwa akina mama, wanafika wiki moja mbili kabla. Ni kujipikia mwenyewe, ni kulala wengi pamoja, lakini ni hatua chache toka kwa mkunga. Kwa msimu wa mvua hakuna pikipiki inayoshinda hatua chache.

Mama anabaki siku ngapi baada ya kupasuliwa, na nini anatakiwa kuja nacho? Hata mama aliyezaa kawaida, Shirika la Afya Duniani linasema asitoke kabla ya saa 24. Aliyepasuliwa anahitaji siku zaidi, kwa kawaida tatu au nne kama hakuna tatizo. Basi familia ihesabu siku saba za chakula, si mbili. Zikibaki, si hasara. Akiba haiozi.

Tatu, bedisaida achaguliwe kama tunavyochagua hospitali. Asiwe yule asiye na kazi tu. Awe mtu ambaye mama anamwonea raha kumwambia "nataka kwenda choo". Awe na mtu wa kumpokea siku ya tatu, na mtu wa kubaki na watoto wake. Yaya alituambia sentensi ambayo tumeiandika ukutani pale tunapokutania: "Mi sikatae hospitali. Mi nakataa kulala kule bila mutu wangu." Wengi mnaosema wanawake wetu wanaogopa hospitali, jiulizeni kama hawaogopi upweke.

Nne, lugha. Hapa tunazungumza wasichana wa kikundi, kaka zetu wamekaa kimya kidogo. Mama wa Pweto anaongea Kiswahili, pengine na Kibemba cha kwetu, pengine na Kifaransa cha shule. Karatasi ya kukubali upasuaji iko kwa Kiingereza. Wengine wameweka alama ya kidole bila kujua wamekubali nini. Tunataka mama aelezwe kwa lugha anayoisikia: kwa nini anapasuliwa, dawa gani atachomwa, na kama kuna jambo lingine litafanywa. Hasa hili la kufungwa kizazi. Ni njia nzuri kwa anayeitaka, lakini liongelewe wiki nyingi kabla, mama akiwa na nguo zake, si akiwa amelala juu ya meza ya upasuaji. Na anayemtafsiria asiwe mtoto wake wa miaka kumi na miwili, wala shemeji. Wasichana wanne kati yetu tumejitolea. Tunaenda, tunatafsiri, tukitoka tumesahau tulichosikia. Mwenye kutoa siri ametoka kikundini.

Tano, karatasi. Siku ya kuruhusiwa mama aombe iandikwe wamepasua namna gani mfuko wa uzazi na wanashauri nini kwa mimba ijayo. Aipige picha, amtumie dada, amtumie mume, aitunze pamoja na kadi ya ukimbizi. Kama vita vingine vitatukimbiza, Mungu apishe mbali, simu itakimbia nasi. Na mtoto apate karatasi ya kuzaliwa na aandikishwe. Mtoto wa mkimbizi asiye na karatasi ni kama hajazaliwa mbele ya kila ofisi atakayoingia maishani.

Tunajua maneno yatakayokuja chini ya andiko hili, juu tumeshayasikia.

"Kupasuliwa ni kwa wavivu, mama zetu walizaa porini." Walizaa, ndiyo. Na wengine walizikwa na mtoto tumboni, hao hawapo kusimulia. Tena msidhani upasuaji ni jambo la Wazungu tu. Mwaka 1879 mmisionari mmoja Mwingereza, Robert Felkin, aliona katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo, mganga wa kienyeji akimpasua mama. Alimnywesha mama pombe ya ndizi, akasafishia mikono na tumbo kwa pombe hiyohiyo, akachoma kwa chuma cha moto mahali panapotoka damu, akafunga jeraha kwa vipini vya chuma. Felkin alipoondoka siku kumi na moja baadaye, mama na mtoto walikuwa wazima. Tazameni vizuri: hata katika habari ile, nusu ya hekima ni kufunga jeraha na kumtunza mama siku zilizofuata. Babu zetu hawakusahau kitanda.

"Sasa mnataka kila mama apasuliwe?" Hapana kabisa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba katika nchi, sezarieni zikikaribia 10 kwa kila uzazi 100, vifo vya mama na watoto vinapungua, na zikizidi hapo hakuna ushahidi kwamba zinaokoa zaidi. Kuna miji duniani ambako wanapasua kupita kiasi. Huku kwetu tatizo ni jingine: anayehitaji anachelewa kufika. Na mwenye kovu moja linalojulikana, la kulala kwa chini, anaweza kujadiliana na daktari kuhusu kuzaa kawaida, ilimradi azalie hospitali yenye upasuaji, asizalie nyumbani. Yaya hakuwa na bahati hiyo, juu hakuwa na karatasi.

"Ninyi ni watoto, mambo ya kuzaa hayawahusu." Hili tunalijibu kwa heshima, wazazi wetu. Wengi wanaojifungua katika kambi ni rika letu. Wanaosukuma kinga usiku ni sisi. Wanaotoa damu ni sisi. Kama tunafaa kubeba mgonjwa, tunafaa pia kuuliza kwa nini amekuwa mgonjwa.

"Pesa mtatoa wapi?" Hili ndilo swali zito, na hatuna jibu la kujivunia. Tumeanza na sanduku. Kila wiki kila mwanachama anaweka kwacha 5, asiyenayo anaweka kikombe cha unga au kipande cha sabuni. Hatutoi pesa mkononi, tunatoa mfuko: unga, mafuta kidogo, chumvi, samaki wakavu, sabuni, beseni, vitenge viwili safi, na muda wa maongezi wa simu. Mfuko unatoka wiki moja kabla ya siku ya upasuaji, si baada ya kusikia amekwama. Na toka Oktoba mpaka Novemba tunaweka mara mbili, juu tunajua uvuvi unafungwa lini. Njaa yenye tarehe haifai kutushtua kila mwaka.

Kwa mama wakwe na bibi zetu tunaomba jambo moja tu. Mikono yenu tunaihitaji. Mpikieni uji, mwogesheni mtoto, mfukuzeni wageni anapotaka kulala, mkatazeni kubeba ndoo na kuni kwa wiki sita. Lakini tumbo lililoshonwa msilikande, msilitie maji ya moto, chumvi wala majani. Kidonda kinataka usafi na ukavu. Na akisema ana joto la mwili, kidonda kinatoa maji au kinanuka, damu inazidi, kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu, mguu mmoja umevimba na kuuma, au anahema kwa shida, msingoje asubuhi. Arudi alikopasuliwa siku hiyohiyo. Hata kama hakuna dalili yoyote, arudi kuangaliwa kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Halafu wanaume, mumpe nafasi: miaka miwili kabla ya mimba nyingine si adhabu, ni kovu kupata nguvu.

Mume wa Yaya aliposomewa hapa alinyamaza, halafu akasema: "Andikeni kwamba mimi ndiye niliyesema tungoje." Tumeandika. Tuandike pia kwamba yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kutia pesa kwenye sanduku, baada ya uvuvi kufunguliwa Machi.

Mtoto sasa anatembea. Anavuta vitenge vya kila mtu kikaoni, na anaitwa jina la yule mama Mbemba wa kitanda cha pili. Mama huyo hajui. Kama kuna anayemfahamu mama aliyelala maternite Januari ile, akamgawia bukari mkimbizi asiyemwelewa, amwambie kwamba ana mjina wake Mantapala, na kwamba tumejifunza.

Mwezi ujao kuna wawili wenye tarehe. Tayari mmoja ana bedisaida wa zamu mbili. Wa pili bado tunamtafutia. Anayeweza kukaa siku tatu, Jumatatu mpaka Jumatano, aje jioni pale tunapokutania, au atuandikie hapahapa chini.